Kanisa Katoliki na uhuru wa kingono: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Humanae Vitae

Maswali haya, yanayohusu Humanae Vitae, waraka wa Papa Paulo VI wa mwaka 1968 juu ya ndoa na uzazi, yametoka katika mafundisho ya ndoa, semina za vijana na vikao vya jumuiya ndogondogo, mahali ambapo watu huuliza bila kuficha, na ni vema iwe hivyo. Anayeyajibu ni mlei mwenye mke na watoto, anayekubali mafundisho ya Kanisa lake juu ya ndoa na anayeona kwamba mara nyingi yanaeleweka vibaya hata na wale wanaoyatetea kwa sauti kubwa.

Mnaposema "uhuru wa kingono" mnakusudia nini, na mnaupinga kwa sababu gani?

Tunakusudia wazo lililoshika nguvu Ulaya na Marekani katika miaka ya 1960 na kuenea karibu dunia nzima, kwamba tendo la ndoa halihitaji ndoa, halifungamani na mtoto, wala halidai chochote zaidi ya ridhaa ya watu wazima wawili. Uzinzi ni wa kale kama binadamu mwenyewe. Kilichokuwa kipya ni kuuita haki, na vyombo vya kuuwezesha: kidonge cha kuzuia mimba kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1960, na sheria zilizolegeza kifungo cha ndoa, kama ile ya California ya mwaka 1969 iliyoruhusu talaka bila mmoja kuthibitisha kosa la mwenzake. Aliyeitia saini sheria hiyo ni Gavana Ronald Reagan, ambaye alihesabiwa miongoni mwa wahafidhina, kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba mabadiliko haya yaliletwa na kambi moja ya siasa.

Sababu ya kupinga si kwamba mwili ni mchafu. Imani yetu inasema Mungu mwenyewe alitwaa mwili. Tunapinga kwa kuwa uhuru huo umetenganisha tendo, ahadi na mtoto, vitu vitatu vilivyowekwa pamoja tangu mwanzo, na vinapotengana kuna mtu anayeachwa na mzigo uliopaswa kubebwa na wawili. Karibu kila mara mtu huyo ni mwanamke au mtoto.

Waraka wa Humanae Vitae ulipatikanaje?

Mwaka 1963 Papa Yohane XXIII aliunda tume ndogo ya watu 6 ichunguze suala la uzazi na idadi ya watu. Papa Paulo VI akaipanua hadi ikazidi watu 70, wakiwamo maaskofu, wanateolojia, madaktari, wataalamu wa takwimu za watu, na wanandoa. Patrick na Patty Crowley wa Chicago walifika Roma na barua za wanandoa Wakatoliki walioeleza mateso yao bila kuyapamba, na yeyote anayetetea mafundisho haya leo bila kusikiliza malalamiko ya aina hiyo anatetea jambo asilolijua uzito wake.

Mwaka 1966 wajumbe wengi wa tume walipendekeza Kanisa liruhusu njia za kuzuia mimba ndani ya ndoa. Mwaka uliofuata taarifa zao zilivuja magazetini, na Wakatoliki wengi wakaamini kwamba ruhusa iko njiani. Papa aliamua vingine. Tarehe 25 Julai 1968 alitia saini waraka uliothibitisha mafundisho ya zamani, na ulipotangazwa siku chache baadaye upinzani ulizuka papo hapo. Mjini Washington mwanateolojia Charles Curran na wenzake walitoa tamko la kuupinga, na mwezi Septemba maaskofu wa Kanada walikutana Winnipeg na kutoa tamko lililowaachia nafasi kubwa wanandoa ambao dhamiri zao zilishindwa kuukubali. Paulo VI aliishi miaka 10 zaidi, mpaka Agosti 1978, na hakuandika tena ensiklika nyingine, yaani waraka wa kipapa wa aina hii.

Historia hii ninawasimulia wachumba yote. Kuwaficha kwamba watu wema na wasomi walitofautiana ni kuwafanya watoto, na siku watakapoisikia kwa mtu mwingine watadhani tuliwadanganya katika mengine pia.

Kwa nini Kanisa linaona vidonge na uasherati kuwa habari moja? Mume na mke wanaotumia vidonge vya majira si wazinzi.

Ni kweli, si wazinzi, na mwalimu anayewaita hivyo anakosea. Hoja iko mahali pengine. Waraka unasema tendo la ndoa lina maana mbili ambazo mwanadamu hana mamlaka ya kuzitenganisha: kuwaunganisha mume na mke, na kuwa wazi kwa uhai mpya. Ukikubali kwamba maana hizo zinaweza kutenganishwa kwa hiari ndani ya ndoa, ni vigumu kueleza kwa nini zisitenganishwe nje yake, kwa maana kinachobaki ni ukaribu na raha, na hivyo havihitaji cheti wala kiapo.

Papa Yohane Paulo II alilifafanua jambo hili katika katekesi, yaani hotuba za mafundisho, 129 za Jumatano alizotoa kati ya Septemba 1979 na Novemba 1984, ambazo leo tunaziita Teolojia ya Mwili. Kiini chake ni kwamba mwili una lugha. Mtu anaweza kusema uongo kwa mwili kama anavyoweza kusema uongo kwa ulimi. Wanaolala pamoja bila ndoa wanaambiana kwa miili yao "mimi ni wako wote", huku kesho yao haijaahidiwa kwa yeyote. Wanandoa wanaouzima uzazi wao wanaambiana "nakupokea ulivyo, isipokuwa hili". Unaweza kuikataa hoja hiyo, lakini ni hoja, na inastahili kujibiwa kama hoja badala ya kuitwa woga wa mapadri.

Kuna sehemu ya katekesi hizo ambayo sisi wanaume hatupendi kuikumbuka. Mwezi Oktoba 1980 Papa alifundisha kwamba mwanamume anaweza kuzini moyoni hata na mke wake mwenyewe, iwapo anamtazama kama kitu cha kumaliza haja. Magazeti ya Ulaya yalimshangaa sana. Humanae Vitae yenyewe ilikuwa imekwisha kusema kwamba tendo analolazimishwa mmoja wa wanandoa, bila kujali hali yake na matakwa yake ya haki, si tendo la upendo. Ninaposikia mume anasema kwamba cheti cha ndoa kimempa ruhusa ya saa zote, ninajua kwamba mafundisho hayakumfikia.

Inasemekana Papa alitabiri mambo yaliyotokea baadaye. Ni kweli au ni maneno ya mashabiki?

Katika namba 17 ya waraka Paulo VI alitaja matokeo aliyoyahofia: njia ya kukosa uaminifu itakuwa pana na rahisi, maadili yatashuka, hasa kwa vijana, mwanamume atapoteza heshima kwa mwanamke, hatajali tena afya ya mwili wake wala utulivu wa moyo wake, na atamfanya chombo cha kujiridhisha, na serikali zitapata silaha ya kuingilia chumba cha wanandoa.

Hofu hiyo ya mwisho ilitimia upesi na kwa namna ya kutisha. India ilikuwa chini ya hali ya hatari kati ya mwaka 1975 na 1977, na katika mwaka mmoja tu wa kampeni, ulioanza 1976, watu zaidi ya milioni 6 walifungwa uzazi, wengi wao wanaume maskini walioshinikizwa na maofisa waliopewa malengo ya kufikia. China iliweka sera ya mtoto mmoja kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 na haikuiondoa mpaka mwaka 2015, na katika miaka hiyo wanawake walilazimishwa kutoa mimba walizozitaka. Wale waliocheka mwaka 1968 kwamba Papa anaogopa vivuli hawakuwa na jibu kwa mama hao.

Kuhusu uaminifu na heshima, takwimu moja ya Marekani inajulikana sana: mwaka 1960 watoto 5 hivi katika kila 100 walizaliwa nje ya ndoa, leo ni 40 hivi. Mwaka 1996 wanauchumi George Akerlof, Janet Yellen na Lawrence Katz walichapisha uchunguzi wa jambo hili. Hawakuwa watetezi wa Papa hata kidogo. Akerlof alikuja kupata Tuzo ya Nobel na Yellen akawa Waziri wa Fedha wa Marekani. Walieleza kwamba kabla ya vidonge na utoaji mimba halali, kijana aliyempa msichana mimba alitarajiwa na jamii nzima kumwoa, na msichana aliweza kudai ahadi hiyo mapema. Njia za kuzuia na kutoa mimba zilipopatikana kirahisi, mimba ikageuka kuwa uamuzi wa mwanamke peke yake, na mwanamume akajiona hadaiwi kitu: ulikuwa na uwezo wa kuizuia, umeamua kuzaa, basi lea. Nimewasikia wasichana wa mitaa yetu wakiambiwa maneno hayo hayo.

Ni lazima niongeze tahadhari. Mishahara ya wanaume wasio na elimu kubwa ilidorora katika miaka hiyo hiyo, viwanda vilifungwa, wanawake walipata kazi na elimu, na mambo hayo pia yalibadilisha ndoa. Anayedai kwamba kidonge peke yake kilileta yote anasema zaidi ya anachoweza kuthibitisha.

Je, si kweli kwamba mnataka mwanamke arudi jikoni azae kila mwaka?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na ninaielewa. Yako makanisa na misikiti ambamo usafi huhubiriwa kwa wasichana peke yao. Urefu wa sketi ya binti hujadiliwa kikao kizima, huku mzee aliyempa mimba mwanafunzi akiendelea kukaa kiti cha mbele. Hapa Tanzania tulipata hata neno la kumwita mzee wa namna hiyo, fataki, kwa sababu ya kampeni ya redioni iliyowaonya watu dhidi yake. Neno limebaki midomoni, na mafataki wamebaki mitaani.

Kwa miaka mingi binti aliyepata mimba alifukuzwa shule, na mvulana aliyehusika akaendelea na masomo. Sheria ya Elimu iliporekebishwa mwaka 2016, adhabu ya kumpa mimba mwanafunzi ilifikia kifungo cha miaka 30. Lakini binti mwenyewe hakuruhusiwa kurudi katika shule ya mfumo rasmi mpaka Serikali ilipobadili msimamo mwezi Novemba 2021. Baadhi ya Wakristo walinung'unika kwamba kumrudisha ni kuhalalisha dhambi. Mimi ninaona kinyume. Injili ya mwanamke aliyefumaniwa inatueleza jinsi waliomshtaki walivyomleta peke yake, na mwanamume hayumo katika habari ile. Anayemwacha mtoto wa kike abebe adhabu ya watu wawili amefanya kosa lile lile tunaloulaumu uhuru wa kingono kwa kulifanya.

Mafundisho ya kweli yanamfunga mwanamume kwanza. Yanamnyima mchepuko, yanamnyima talaka, yanamtaka ajizuie siku ambazo mke wake hawezi au hataki, na yanamtaka alee kila mtoto aliyemzaa. Sijui fundisho lingine la siku hizi linalomdai mwanamume kiasi hicho.

Haya si matatizo ya Wazungu tu? Sisi Waafrika tulikuwa na maadili yetu.

Tulikuwa nayo, na mengine yalikuwa bora kuliko yale tuliyoyakopa. Jando na unyago viliwafundisha vijana kwa utaratibu, kupitia watu waliojulikana na kuaminiwa, habari ambazo leo mtoto wa miaka 11 anazipata peke yake kwenye simu kutoka kwa watu wanaouza picha za ngono. Ndoa ilikuwa agano la koo mbili, na mume aliyempiga mkewe alijibu mbele ya wajomba.

Hata hivyo sipendi tabia ya kuipaka rangi nyeupe historia yetu kila tunapotaka kuwakosoa Wazungu. Mitala ilikuwa yetu. Kumwoza binti kabla hajapevuka kulikuwa kwetu, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 huku mvulana akisubiri 18. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Muumini anayelaumu picha chafu za kigeni na wakati huo huo anatetea ndoa ya mtoto wa miaka 15 hana kipimo kimoja. Anachagua dhambi za watu wengine.

Kipimo cha Kanisa hakikutoka Ulaya ya leo wala kijijini kwetu jana. Ndiyo maana kinatuudhi sote kwa zamu.

Kwa hiyo Kanisa linataka tuzae bila mpango?

Hapana. Namba 10 ya waraka inazungumzia uzazi wenye kuwajibika, na inasema wazi kwamba wanandoa, kwa sababu nzito za afya, uchumi au hali ya jamii, wanaweza kuamua kutozaa kwa muda au kwa muda usiojulikana. Kinachojadiliwa ni njia. Kanisa linakubali kutumia siku ambazo mwanamke hawezi kupata mimba kwa asili, na njia inayofundishwa sana ni ile iliyoanzishwa na daktari John Billings wa Melbourne, Australia, katika miaka ya 1950 na kuendelezwa na mke wake Evelyn, ambamo mwanamke huchunguza mabadiliko ya ute wake kila siku na kuyaandika. Haihitaji dawa wala fedha nyingi. Inahitaji kufundishwa vizuri na mtu anayeijua, na inahitaji mume anayekubali kusubiri. Mama ambaye mume wake hurudi amelewa hawezi kuitumia, na kumwambia "tumia njia ya asili" bila kwanza kuzungumza na mume huyo ni kumwongezea mzigo. Naijua parokia ambayo mafundisho yote ya njia hii huhudhuriwa na wanawake watupu. Hilo ni kosa letu waandaaji.

Mwanamke anayepewa vidonge hivyo hivyo na daktari ili kutibu ugonjwa hatendi dhambi, hata kama vitamzuia kushika mimba kwa muda. Namba 15 inasema hivyo waziwazi.

Waislamu na Wakristo wengine wanakubaliana nanyi?

Katika kukataa zinaa tuko pamoja, katika njia za uzazi tunatofautiana. Wanazuoni wengi wa Kiislamu huruhusu azli, yaani mume kumwaga mbegu nje, kati ya mume na mke, kwa kutegemea Hadithi inayosema Masahaba waliifanya wakati Kurani ikiteremshwa, na wengi wao huweka sharti la ridhaa ya mke. Kwa upande wa Wakristo, makanisa karibu yote yalifundisha kama sisi mpaka mwezi Agosti 1930, Waanglikana walipokutana katika Mkutano wa Lambeth na kukubali njia za kuzuia mimba kwa masharti. Papa Pio XI alijibu kwa waraka wa tarehe 31 Desemba mwaka huo huo. Mjini Cairo mwaka 1994, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu idadi ya watu na maendeleo, wajumbe wa Vatikani na wa nchi kadhaa za Kiislamu walisimama upande mmoja, na maandishi ya mwisho yakasema kwamba utoaji mimba usihimizwe kwa hali yoyote kama njia ya uzazi wa mpango.

Mapadri walionajisi watoto wana haki gani ya kutufundisha?

Hao hawana. Mwaka 2018 taarifa ya jopo la wachunguzi la jimbo la Pennsylvania, Marekani, ilitaja mapadri zaidi ya 300 na watoto zaidi ya 1,000 waliotendewa maovu katika kipindi cha miaka 70 hivi, na ikaonyesha jinsi viongozi walivyowahamisha wahalifu kutoka parokia moja hadi nyingine badala ya kuwapeleka polisi. Hakuna sentensi inayoanza na "lakini" inayofaa kufuata maneno hayo. Ninachoweza kusema ni kwamba tunawahukumu kwa fundisho lile lile waliloapa kulilinda, na kwamba mzazi anayesikia habari ya namna hiyo parokiani kwake aende polisi kwanza, kwa paroko baadaye.

Na watu wenye mvuto wa jinsia moja?

Kanisa linafundisha kwamba tendo la ndoa ni la mume na mke, na halijabadilisha fundisho hilo. Katekisimu, kitabu cha mafundisho rasmi ya Kanisa hilo hilo, namba 2358, inaagiza watu hawa wapokewe kwa heshima, huruma na upole, na inakataza kila aina ya ubaguzi usio wa haki dhidi yao. Mwezi Januari 2023, kabla ya kwenda Congo na Sudan Kusini, Papa Fransisko alisema kwamba kuwa na mvuto huo si kosa la jinai. Mzazi anayemfukuza mwanawe nyumbani kwa sababu hiyo asiseme anatekeleza mafundisho ya Kanisa.

Tumeishi pamoja miaka 6, tuna watoto wawili, na hatujafunga ndoa kwa kuwa hatuna fedha. Tuanzie wapi?

Wengi wanaosoma ukurasa huu wako katika hali hii, wala si kwa sababu walishawishiwa na wanafalsafa wa Ulaya. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinaruhusu mahakama ichukulie kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi, na kufahamika kwa watu kuwa mume na mke, wameoana. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na mara nyingi anayeipinga ni mwanamume aliyepata mwanamke mwingine. Kanisa haliihesabu kuwa sakramenti.

Kizuizi cha kwanza kwa kawaida ni mahari. Wazee wanaokataa kutoa baraka mpaka shilingi ya mwisho ilipwe wanapaswa kuelewa kwamba wanawazuia watoto wao wasiishi kitakatifu, na ninawaomba wakubali kupokea kwa awamu. Kizuizi cha pili ni sherehe: kamati, michango, kadi, sare, ukumbi na chakula cha watu 300. Nimewaona wachumba wakiahirisha sakramenti kwa miaka 4 ili wapate fedha za jioni moja, na ndugu zao wakiona ni jambo la kawaida.

Nendeni kwa mwenyekiti wa jumuiya yenu, kisha katika ofisi ya parokia mkiwa na vyeti vipya vya ubatizo kutoka parokia mlizobatiziwa. Mtahudhuria mafundisho, majina yenu yatatangazwa kanisani Jumapili tatu, na mtaungama. Siku yenyewe Kanisa linahitaji ridhaa yenu ninyi wawili, padri au shemasi mwenye mamlaka ya kuipokea, na mashahidi wawili. Misa ya saa 12 asubuhi inatosha, na watoto wenu wakae benchi la mbele.